Jirani wa Hatari, Kodi Imeshalipwa

Mpangaji wa Dar es Salaam anayetishwa na jirani yake amebanwa pande zote mbili. Kumtoa jirani hawezi, maana nyumba si yake. Kuondoka mwenyewe hawezi, maana kodi ya miezi sita ameshaitoa, pengine ya mwaka mzima, na dalali naye ameshaondoka na ya mwezi mmoja juu yake. Chumba cha elfu sitini kwa mwezi maana yake ni laki tatu na sitini zilizokwisha kuingia kwa mwenye nyumba, na kwa kawaida fedha hiyo hailali: imeshakuwa bati, ada ya shule au matibabu ya mtu. Ndiyo maana ushauri wa "si uhame tu" hutolewa zaidi na watu wanaoishi kwao.

Tumezoea kulichukulia suala hili kama suala la tabia. Fulani ni mkorofi, fulani ana roho mbaya, fulani akinywa hajitambui. Yote hayo yanaweza kuwa kweli, lakini hayatufikishi mbali, kwa sababu wakorofi wapo kila mahali na hata kwenye nyumba za watu binafsi zenye uzio na geti. Kinachomtofautisha mpangaji ni kwamba amezungukwa na watu wengi wenye uwezo wa kumpatanisha na jirani yake, na karibu hapana hata mmoja mwenye uwezo wa kuwatenganisha. Mjumbe atapatanisha. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa atapatanisha. Shehe, mchungaji, mama mwenye nyumba, askari wa zamu kaunta, baraza la kata, wote hao watauliza kwanza kama hamwezi kuyamaliza. Kwa ugomvi wa kawaida utaratibu huo umetusaidia sana, wala siudharau. Kwa mtu aliyekwisha kuamua kukudhuru, kikao cha suluhu ni nafasi ya kujipanga upya.

Tuanze na nyumba yenyewe, maana nayo ina mchango wake. Nyumba ya Kiswahili tunayoijua kuanzia Ilala hadi Mbagala ina korido katikati, vyumba vinavyotazamana huku na huku, kibaraza mbele na uani nyuma. Choo kimoja, bafu moja, bomba moja, na mara nyingi mita moja ya LUKU. Kaya sita zisizo na undugu zinapita mlango mmoja na kusubiriana chooni alfajiri. Anayegandisha barafu za kuuza na anayewasha taa moja na kuchaji simu wanachangishwa sawasawa, na siku umeme ukikatika saa tatu usiku kila mtu anajua wa kumlaumu. Zamu ya kudeki, ndoo iliyoachwa bombani, nguo zilizoanuliwa na mtu asiyejulikana, redio, watoto waliopigana: hiyo ndiyo mbegu ya kesi nyingi zinazofika kwa mjumbe. Korido hiyo haina njia ya kumkwepa mtu. Ukigombana na bosi utarudi nyumbani jioni, lakini jirani wa mlango wa pili yupo hapo hapo nyumbani.

Kwa hiyo jambo la kwanza kwa mpangaji ni kujua ana ugomvi au ana hatari, na ajue mapema, kabla hajaingia kwenye kikao cha mtu yeyote. Mkwara una dalili zake. Hupigwa mbele ya watu, hukua kadiri watazamaji wanavyoongezeka, na asubuhi mwenyewe anapita akiangalia chini. Tishio la kweli mara nyingi limeingia ndani ya ratiba yako. Anajua unarudi na daladala ya saa ngapi, nani anabaki na watoto, funguo ya akiba iko kwa nani. Maneno yake yana mahali na namna: si "utanijua mimi" bali "nitakusubiri pale kwenye kichochoro". Anayarudia akiwa mzima, hajagusa pombe. Mara nyingi ameshaanza na vitu kabla ya watu: siti ya pikipiki imechanwa, kuku wamekufa siku moja wote, kitasa kimejazwa gundi. Na dalili ambayo mimi naiogopa kuliko zote ni pale anapoanza kuwatisha mashahidi. Mtu anayemwambia jirani wa tatu "wewe huna ulichokiona" ameshafikiria mbele kuliko wote mliomo humo ndani. Dalili hizi si mizani ya dukani. Yuko mropokaji aliyeua, na yuko mtu wa kutisha ambaye hakumgusa mtu maisha yake yote. Lakini zikikutana mbili tatu, habari ya kumalizana iishie hapo.

Nimewahi kukaa kwenye kikao cha aina hii, Tandika, nikiwa shahidi wa mlalamikaji. Alikuwa mama mshona nguo, nitamwita mama Salma, na jirani yake alikuwa amesimama mlangoni pake usiku akiwa na panga, akiapa kuukata mkono uliozima umeme. Mjumbe alikuwa mzee mwema, anayeheshimika mtaa mzima. Alikaa kwenye benchi kibarazani, daftari gotini, na baada ya shikamoo na marahaba akaenda moja kwa moja.

"Baba Rehema, maneno hayo uliyasema, hukuyasema?"

"Mzee wangu, ni hasira tu. Na nilikuwa nimechangamka kidogo."

"Na wewe mama Salma, umeme ulizima?"

"Mzee, mimi nilizima swichi ya chumbani kwangu. Luku iliisha yenyewe."

"Basi mwanangu, na wewe ungewaarifu wenzio kwamba inakaribia kuisha."

Hapo ndipo panga lilipotoweka. Kuanzia sentensi hiyo kikao kizima kilikuwa cha luku: nani ananunua lini, nani hajachangia, kwa nini pasi inawashwa usiku. Mwisho ikaandikwa karatasi kwamba pande zote mbili zimekiri kukosana, zimesameheana na hazitarudia. Mama Salma akaweka sahihi ya kuahidi kutorudia jambo ambalo hakulifanya. Wakashikana mikono, tukapewa soda. Usiku ule, aliniambia baadaye, alisogeza kabati la nguo nyuma ya mlango.

Haukupita muda vitisho vikarudi, safari hii kwa madai kwamba amemwaibisha mwanamume mbele ya mzee. Alipokwenda kituoni, askari aliisoma ile karatasi na kumrudishia: hapa wote mmekiri, mama, na mlishapatana. Suluhu iliyokusudiwa kumlinda ikawa kielelezo dhidi yake. Simlaumu mjumbe. Kazi yake ni kurudisha amani mtaani kabla ya magharibi, na amani hiyo huipata kwa kugawa makosa nusu kwa nusu ili hapana anayetoka ameshindwa. Kwa luku, hesabu hiyo ni sawa. Kwa panga haikubaliki, kwa sababu aliyeshika panga na aliyesimama mbele yake hawana nusu sawa za kugawana.

Kuna jambo jingine ambalo wapangaji wengi hawalijui kuhusu mjumbe. Mjumbe, au balozi wa nyumba kumi, ni kiongozi wa shina la chama, utaratibu ulioanza enzi za TANU miaka ya 1960, na hana mamlaka ya kisheria ya kuamua kesi. Serikali mtaani ni mwenyekiti, anayechaguliwa katika uchaguzi wa serikali za mitaa, na mtendaji wa mtaa, ambaye ni mwajiriwa. Ni busara kuanza kwa mjumbe, kwa sababu anamjua kila mtu na kumruka kutachukuliwa kuwa dharau. Lakini kuanza kwake si kumalizia kwake. Mwenye hatari mkononi aombe tukio liandikwe kwenye daftari kama tukio, kwa tarehe na maneno yaliyotamkwa, kisha aombe barua ya mtendaji kwenda polisi. Karatasi ya "pande zote mbili" aikatae kwa adabu. "Mzee, mimi sina kinyongo, lakini sikutenda kosa, naomba liandikwe lililotokea tu." Wazee wengi wakiambiwa hivyo kwa upole hukubali.

Mwenye nyumba je? Watu humkimbilia wa kwanza au wa mwisho, na mara zote mbili huondoka wamekata tamaa. Tanzania Bara ilikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya Nyumba ya 1984, na ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo uhusiano wa mpangaji na mpangishaji unasimama juu ya Sheria ya Ardhi ya 1999, sheria ya mikataba, na ile karatasi moja iliyotolewa kopi stesheneri. Sheria ya Ardhi ina sharti ambalo limo ndani ya kila mkataba wa pango hata kama halikuandikwa: mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti yake ana haki ya kukaa kwa amani na utulivu bila kuingiliwa na mpangishaji, wala na mtu anayedai haki kihalali kupitia kwake. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye mgogoro. Jirani wa mlango wa pili yumo humo kwa mkataba wa mwenye nyumba huyo huyo, kwa hiyo kwa maana fulani yumo kupitia kwake. Lakini mkataba wake haumpi haki ya kushika panga, na wakili wa mwenye nyumba atasema kuwa mtu anayefanya jinai hafanyi kihalali kupitia kwa mtu yeyote. Kwa maoni yangu wakili huyo yuko kwenye nafasi nzuri, na mpangaji asijenge matumaini yake yote hapo.

Nguvu halisi ya mwenye nyumba iko kwenye notisi. Pango la mwezi kwa mwezi linaweza kuvunjwa kwa notisi isiyopungua kipindi cha malipo, bila kesi ndefu. Sasa angalia jinsi kodi ya miezi sita inavyogeuka ukuta wa pili. Jirani wa hatari naye ameshalipa mbele. Kumtoa ni kumrudishia fedha ambayo imeshakuwa bati. Mwenye nyumba anayesema "hebu vumilieni mpaka Desemba" si lazima awe hana huruma. Inawezekana hana laki mbili. Pia asidhani anaweza kumtupia mtu vyombo nje kwa nguvu kwa sababu nyumba ni yake. Akifanya hivyo bila kufuata utaratibu, mlalamikaji wa kesho atakuwa yule yule aliyekuwa tishio jana. Serikali imewahi kuzungumzia kuzuia kodi ya miezi sita na mwaka. Mjadala huo huwa unazungumzwa kama suala la mifuko ya watu. Mimi ningeomba uzungumzwe pia kama suala la usalama, kwa sababu mtu anayelipa mwezi kwa mwezi anaweza kukimbia mwisho wa mwezi.

Tufike kituoni. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inalitaja jambo hili bila kificho: kumtishia mtu kwamba utamjeruhi, utampiga, utamuua au utamchomea mali, kwa nia ya kumtia hofu, ni kosa la jinai, hata kama hajaguswa unywele. Mpangaji anayeambiwa kaunta "mpaka akufanye kitu" anaambiwa lisilo la kisheria. Vitisho kwa meseji vinaangukia pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na meseji ina faida moja kubwa: haikanushiki kirahisi. Usiifute kwa hasira. Namba ya RB, yaani ya taarifa yako polisi, uliyoandikiwa kwenye kikaratasi ipige picha siku hiyo hiyo, kwa sababu kikaratasi kitafuliwa na suruali. Ukiguswa mwilini, chukua fomu ya PF3 kituoni kabla ya matibabu ikiwa hali inaruhusu. Ikiwa hairuhusu, nenda hospitali kwanza na fomu itafuata.

Kesi nyingi za vitisho husikilizwa Mahakama ya Mwanzo, kwa Kiswahili, na huanguka kwa sababu ambayo ningependa kila mpangaji aijue: maneno. Hakimu atauliza, alisema nini hasa? Shahidi wetu, mtu mwenye haya zake, atajibu, "Alinitukana sana, mheshimiwa, na akatishia." Hilo halitoshi. Mahakama inataka maneno yenyewe, yale yale, na matusi yake, na nani mwingine aliyasikia, na taa iliwaka au ilizimika. Mama wa watu wazima anayeshindwa kuyatamka mbele ya hakimu kijana anaweza kuyaandika. Ndiyo faida ya daftari dogo la shilingi mia tano: tarehe, saa, maneno kama yalivyotoka, waliokuwepo. Likiandikwa usiku ule ule lina uzito kuliko kumbukumbu ya miezi minne baadaye, wakati mwenyewe umeshaanza kuchanganya tukio la Idi na la Pasaka.

Halafu dhamana. Kosa la kutishia lina dhamana, na ni haki yake kuipata. Sitaki nchi ambamo jirani akikuchongea unalala selo mpaka hukumu. Lakini fikiria dhamana hiyo inampeleka wapi. Mtuhumiwa wa wizi wa dukani akidhaminiwa anarudi kwao na mwenye duka anarudi kwake. Mtuhumiwa huyu anarudi kwenye korido ile ile, jioni ile ile, na pengine anafika kabla ya mlalamikaji kwa kuwa yeye amepakiwa bodaboda na ndugu. Usiku wa kwanza baada ya dhamana ndio wa kuogopwa kuliko wote, na ndio ambao karibu hapana mtu anaupangia. Kabla ya kwenda kituoni mpangaji ajue atalala wapi siku tatu nne zinazofuata: kwa dada, kwa rafiki wa kazini, kwa shangazi Chanika. Vyeti, kadi za kliniki za watoto na mkataba wa chumba vitangulie huko.

Sheria ina chombo kimoja ambacho kingefaa sana hapa na ambacho wapangaji hawakiombi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inampa hakimu uwezo wa kumwita mtu anayehofiwa kuvunja amani na kumtaka aweke dhamana ya kutunza amani kwa muda maalumu. Uzuri wake ni kwamba kinatazama kesho. Hakisubiri damu. Anayekiuka anapoteza fedha iliyowekwa, na ndugu waliomdhamini wanakuwa na sababu yao ya kumshika mkono. Watoa huduma za msaada wa kisheria, wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, wanaweza kumwandikia mtu maombi hayo bila malipo. Ningependa kuona vituo vyetu vya polisi vikilitaja jambo hili kaunta, badala ya "nendeni mkayamalize nyumbani".

Kuna tishio lisilohitaji panga. Unaamka unakuta unga mweusi umemwagwa kizingitini, yai limefukiwa karibu na mlango, na jirani anakuambia kwa tabasamu kwamba hutamaliza mwezi. Anayeamini atakonda, asiyeamini naye hatalala vizuri. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, iliyotungwa mwaka 1928, inakataza kumtishia mtu kwa uchawi. Wengi husahau kwamba sheria hiyo hiyo inakataza pia kumtaja mtu kuwa mchawi. Mpangaji anayetoka uani na kupayuka "mchawi huyu" ameshavuka kutoka kulalamika kwenda kulalamikiwa. Na mbaya zaidi, ameshaweka maisha ya mtu mikononi mwa kundi. Nchi iliyozika vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi, Usukumani na kwingineko, haiwezi kulichukulia neno hilo kama tusi la kawaida. Ni sawa na kupiga yowe la "mwizi" ili watu wakusaidie kumwadabisha jirani: watu watakuja, na hapana atakayeweza kuwaambia wakomee wapi.

Yuko pia jirani ambaye hatari yake ni ugonjwa. Anazungumza na watu wasioonekana, anaamini unampulizia sumu dirishani, halali. Kumpeleka huyo kwenye kikao ni kumwonea yeye na kujidanganya sisi. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 ina utaratibu wa kumfikisha mtu wa namna hiyo hospitali hata pale asipojiona mgonjwa, kupitia ndugu, afisa ustawi wa jamii au polisi, na huduma haziko hospitali ya Mirembe tu kama utani wetu unavyodhani. Muhimbili na hospitali za mikoa zinapokea. Ugumu ni ndugu. Mara nyingi wamempangishia chumba Gongo la Mboto ili asionekane nyumbani kwao, na simu zao hazipokelewi. Mwenye nyumba aliyemwandikisha mdhamini kwenye mkataba ana mahali pa kuanzia. Aliyepokea kodi kwa dalali bila kuuliza jina la pili hana.

Kwa mwanamke anayeishi peke yake mambo hubadilika sura. Kinachoanza kama salamu za kurudiarudia uani kinakuwa kugonga mlango usiku, kisha matusi baada ya kukataliwa, kisha vitisho. Akienda kwa mjumbe ataulizwa kama hakuwahi kumpa matumaini. Aende Dawati la Jinsia na Watoto, lililopo katika vituo vingi vya polisi, kwa sababu hapo angalau swali la kwanza ni tofauti, na kwa sababu unyanyasaji wa kijinsia ni kosa linalojitegemea katika Kanuni ya Adhabu. Na asione haya kumwambia jirani wa upande wa pili, hasa wale mama wa makamo wanaokaa kibarazani mpaka usiku. Kwa miaka yote niliyopanga, ulinzi wa uhakika niliouona ni wa wamama hao: wanajua nani ameingia, saa ngapi, amevaa nini, na hawatishiki kirahisi.

Wenzetu wa Nairobi wanalipa mwezi kwa mwezi pamoja na deposit ya mwezi mmoja, na kwenye ploti kuna caretaker ambaye angalau anakaa hapo hapo. Kuhama kwao ni kwepesi zaidi, na kufukuzwa pia. Kanuni yao ya adhabu, kifungu cha 223, inaweka kifungo cha hadi miaka 10 kwa kutishia kuua, na ukifika stesheni unapewa namba ya OB, ambayo ni RB yao. Adhabu hiyo ni kali, lakini mtu bado anarudi kwenye ngazi ile ile ya ghorofa na jirani yule yule, kesi ikingoja tarehe. Zanzibar ni sheha, naye huvutwa na suluhu kama mjumbe wetu, tena zaidi, kwa kuwa Mji Mkongwe na Ng'ambo karibu kila mtu ni shemeji wa mtu.

Basi mwisho wa hesabu, mara nyingi kuliko tunavyokiri, ni kuhama. Aliyetishwa ndiye anayebeba godoro. Ni dhuluma, na bado huwa ndiyo hatua ya akili. Swali linalobaki ni fedha. Mwenye nyumba asiye na ya kurudisha anaweza kuwa na nyumba nyingine ya kukuhamishia, au akubali miezi iliyobaki ihesabiwe deni linalolipwa kidogo kidogo kwa maandishi. Anayepanga upya aombe kipengele kimoja tu kwenye mkataba: kwamba akitishiwa au kushambuliwa ndani ya nyumba na kuripoti polisi, anaweza kuondoka kwa notisi fupi na kurudishiwa kodi ya miezi asiyokaa. Wenye nyumba wengine watacheka. Wengine watasaini, kwa sababu kipengele hicho kinawapa nao sababu ya kumtoa mkorofi.

Lakini njia inayotumika zaidi ni nyingine. Unatafuta mtu wa kukuachilia chumba: anakulipa wewe miezi iliyobaki, mwenye nyumba anabadilisha jina kwenye karatasi, kirikuu inakuja saa kumi na moja alfajiri kabla jirani hajaamka. Kila mmoja amepata chake. Dalali akiuliza kwa nini unahama, utasema umepata kazi mbali. Na mtu mpya, pengine binti aliyemaliza chuo juzi, atalipa na kuingia akifurahia bei. Nimewauliza watu kadhaa waliohama hivyo kama walimwambia aliyekuja. Wachache walisema ndiyo. Wengi walisema wangemwambia, lakini asingelipa.

Kwa anayetafuta chumba leo, basi, dalali si wa kumuuliza. Njoo tena peke yako jioni, saa mbili hivi, wakati kila mtu amerudi. Nunua soda kwa Mangi mwenye duka mbele ya nyumba, kaa kwenye kreti, umuulize chumba kile alikuwa anakaa nani na kwa nini alihama.